Kikombe Alichokiacha

Mvua ilinyesha usiku ule, bondeni Tularosa,
mvua ya kwanza tangu Pasaka,
na mama alilala macho akisikiliza tangi likijaa,
akihesabu ndoo kwa masikio.

Kuku hawajashuka bado,
jua likachomoza upande wa machweo.
Likachomoza, likasimama, likazama.
Nikaona kila msumari wa dari.
Kisha ngurumo, ndefu, ya kuburuta,
kama mtu anayesogeza kabati la dunia.
Mama akasema: Kiyama. Akavaa viatu.
Baba akasema: Kiyama hakiji Jumatatu.

Redio ilisema ghala la baruti limelipuka,
hakuna aliyeumia.

Adhuhuri ikaanguka theluji. Julai, na theluji ya uvuguvugu.
Ikatua juu ya bati, juu ya shuka kambani,
juu ya mgongo wa Golondrina, ng'ombe wetu mweusi.
Sisi watoto tulijipaka mashavuni
tukacheza Krismasi.

Jumatano akaja kijana na jipu la jeshi,
miwani, shati la jasho, na sanduku lililopiga kidoko
kama bibi aliyekuta sahani imevunjika.
Mlangoni kidoko kimoja kimoja.
Kwenye shuka, harakaharaka.
Kwenye tangi hakukuwa tena na vidoko,
ilikuwa mchele unamwagwa juu ya bati.
Akalizima.

"Ni nini?" mama akauliza.
"Vipimo tu, senyora."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mama alichota, akachemsha, akamimina,
akatia sukari ya mgao, vijiko viwili,
na vita havijaisha.
Kijana alikishika kikombe kwa mikono miwili.
Kucha zake zilikuwa zimetafunwa.
Rika moja, nadhani, na kaka yangu Eutimio,
aliyekuwa ukutani na kofia ya jeshi,
mwaka wa nne mateka Japani.

Aliitazama picha.
Akaitazama kahawa.
Akanitazama mimi, miaka tisa, majivu bado nyusini.
Kinywa chake kilifunguka
kama mlango ambao aliye nyuma yake ameghairi.

"Atarudi karibuni, senyora."

Akaweka kikombe mezani, kimejaa pomoni, akaenda zake.
Mama alikereka. Sukari ya mgao!
Akainywa mwenyewe, imepoa, isipotee.

Eutimio alirudi Oktoba, mwepesi kama fremu ya kiti.
Alisema: walituchimbisha handaki refu
na kila mmoja wetu alijua ni la nani.
Kisha asubuhi moja walinzi hawakuja.
Alisema: kitu kile kilinitoa shimoni, Perfilia,
usinitake nikilaani.
Akaenda tangini akanywa kata moja, ya pili, ya tatu,
amefumba macho.
"Maji ya nyumbani," akasema.

Mama tulimzika mwaka wa hamsini na tatu.
Uvimbe shingoni, mkubwa kama yai la bata.
Golondrina alikuwa amekufa zamani, mgongo mweupe.

Njiani kutoka makaburini, bila kuulizwa,
Eutimio alisimulia treni iliyowapeleka pwani
ikipita mahali palipokuwa na mji.
Bomba lilikuwa limesimama peke yake, linatiririka.
Mwanamke alikinga kikombe,
akampa mtoto, kisha akanywa yeye.
"Nilitaka kupiga kelele kupitia dirishani.
Sikujua niseme nini.
Na mimi nilikuwa naenda nyumbani."

Nimemchukia yule kijana. Nimemwombea pia,
siku nyingine yote mawili kabla ya kifungua kinywa.
Alikuwa na kweli mbili mdomoni,
akampa mama ile tamu.
Labda usiku alilia. Labda alilala fofofo,
alikuwa na mashamba mengine ya kupima.

Kikombe ninacho.
Kimepata ufa, hakifai kwa maji.
Natilia vifungo.