Shuka ya Daraja la Pili

Nimeikunja mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa kaki,
nikateremka nayo kilima cha Igogo kwa miguu
hadi stesheni, dirisha la tiketi.
Nataka kuirudisha.

Kijana anaigeuza. Herufi tatu za buluu zimefifia pembeni,
pindo limeshonwa mara mbili kwa nyuzi zisizofanana.
"Mama, hii ya lini?"

Ya mwaka ule sabuni ilipokuwa ya foleni.
Bugando walimwandikia mama yangu, Nkwimba,
aende Dar kutolewa mtoto wa jicho.
Jioni hiyo abiria wa meli ya Bukoba walishafika,
senene wao kwenye vikapu, ndizi zao mabegani,
na tiketi ilikuwa kipande cha kadibodi
kinene kama ukucha wa gumba.

Treni iliondoka kama mtu anavyoinuka
kwenye mkeka wa mtoto aliyelala.
Tulishapita Mkuyuni, mama bado anauliza,
"Tunaondoka saa ngapi?"

Kisha mhudumu akabisha hodi.
Akabisha hodi, nasema!
Basi la alfajiri hukufikisha usiku uleule, sibishi,
lakini nani humo amewahi kukubishia hodi?
Jina lake Kagoma, mtu wa Urambo,
koti jeupe, mikunjo ya pasi ingeweza kukata mkate.
Alishusha kitanda, akatandika,
akamwonyesha mama kwa kumshika mkono:
hapa swichi, hapa beseni, linakunjwa ukutani hivi,
hapa kengele, ukitaka chai.

Usiku magurudumu yalisema lao:
tunakwenda, tutafika, tunakwenda, tutafika.
Fela. Mantare. Bukwimba.
Taa za wauza michembe zikipita dirishani moja moja,
na mama, asiyeona hata kidole chake,
akanusa mbegu za pamba gizani, akasema, "Malampaka,"
akageukia ukuta, akalala.
Sijawahi kumwona akilala vile
nyumbani kwake mwenyewe.

Tabora tuliwasubiri wa Kigoma.
Mabehewa yao yakaja kutugonga mgongoni kwa adabu,
chai ikamwagika kwenye kisahani,
haikufika mezani.

Wiki tano baadaye tukarudi, jicho moja zima.
Kagoma yuleyule, koti lilelile.
Mama akaiona shuka kwa mara ya kwanza,
nyeupe, akaipitisha shavuni.
"Hii ya nani?"
"Yako, mama, mpaka nyumbani."

Mzee wa watu alisema kwa upole tu.
Mama alisikia alichosikia.
Asubuhi dirishani alikuwa akiyashangaa mawe ya Mwanza,
"Yote haya yalikuwepo?", na ziwa nyuma yake likimeta,
nami nikaona pembe nyeupe ikichungulia kwenye furushi lake.
Nikanyamaza. Hilo ndilo langu.
Maana stesheni nilimwacha Kagoma akihesabu,
akifika mwisho, akianza upya,
na shuka iliyopotea ilikatwa kwenye mshahara.

Mama hakuilalia kamwe. Ilikuwa ya wageni,
na ya homa.

Kijana amenisikiliza hadi foleni ikaanza kuguna.
Fomu ya kupokea shuka haipo, anasema.
Kagoma hamjui. Nyuma yake picha ya treni mpya,
pua kama ya sangara, na anasema kwa fahari,
hiyo ikianza, Isaka utafika chai yako haijapoa.
Nafurahi. Kweli nafurahi.
Namuuliza tu, "Watabisha hodi?"
Anacheka, kisha anaacha kucheka.

Anaikunja yeye mwenyewe,
pembe kwa pembe, taratibu,
ananipa kwa mikono miwili kupitia dirishani.
"Basi yako, mama."

Mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini, kupanda.
Naenda polepole,
nisifike upesi.