Gramu Mia Tatu na Kumi

Saa kumi na moja alfajiri, Bombo,
naliweka kondo kwenye mizani ya bluu
tuliyoazima jikoni na hatujairudisha.
Mia nne na sitini, pamoja na beseni.
Natoa beseni. Mia tatu na kumi.
Linaenea kiganja kimoja.

Mwanakombo Shekue, miaka ishirini na sita,
mimba ya pili; ya kwanza haikufika.
Presha mia na sabini kwa mia na kumi.
Miguu imejaa, ukibonyeza kidole
shimo linabaki, kama kwenye unga uliokandwa.
Mtoto wa kiume, kilo moja na mia saba,
alilia kidogo, kama mtu anayeomba radhi.

Naligeuza. Upande wa mama
kuna mabaka meupe, magumu,
mahali damu ilipobisha hodi
ikakosa mwenyeji.

Bibi yangu wa Pangani akisema kondo
alikuwa na maana ya vita.
"Mwaka wa kondo," husema, "tulilala porini."
Nami utotoni nikadhani kila mwanamke
hubeba vita vidogo nyuma ya mtoto wake.
Sikukosea sana.

Kwenye fomu kuna kisanduku: Vitamini D.
Damu yake imeleta kumi na moja.
Chini ya ishirini, mwongozo unasema, ni upungufu.
Nikacheka, Mungu anisamehe.
Tanga hii! Jua la kuanika katani
ikawa nyeupe kabla ya adhuhuri,
jua la kupasua viti vya plastiki.

Nikamuuliza anafanya kazi gani.
"Nashona sare za shule. Barabara ya Kumi na Tano,
chumba cha nyuma. Naingia giza, natoka giza.
Dirisha linatazama ukuta wa jirani."
Na Jumapili?
"Jumapili nalala, dada."

Daktari Semboja hakuniacha nimalize.
"Usiandike sababu, Mwanamvua. Andika uzito."
Ana haki. Wapo waliolima juani miezi yote
na presha ikawafuata hukohuko shambani.
Huenda, labda, inawezekana:
hicho ndicho chakula chetu maabara.
Lakini mkasi ulipopita
niliona mishipa imejikunja, imebanana,
kama mizizi ya mche uliosahauliwa ndani ya kopo.

Saa mbili, Bi Mhando, mama mkwe, mlangoni.
Kikapuni kanga mpya na kijembe.
"Nipe huyo wa nyuma."
Nikampa. Akaupima mzigo mkononi,
yeye hana haja ya mizani.
"Mmelikata."
"Kidogo, bibi. Kwa utafiti."
"Kidogo kiasi gani?"
Nikamwonyesha ukucha wa kidole cha mwisho.
Akautazama, akautazama.
"Mkishakisoma, kirudi.
Nitaacha pengo kwenye shimo."

Wiki ya sita sasa. Dar haijajibu.
Jana nilipita kwao Makorora, saa tatu asubuhi.
Cherehani imesogezwa barazani, nusu siku tu;
mwenye duka hataki zaidi.
Uwani, sufuria kuukuu imefunika shimo.
Kando yake, mkekani, mtoto,
uchi kasoro kofia, kilo mbili na nusu,
amekunja ngumi, anapigana na mwanga.

"Hawajamaliza kusoma?"
"Bado, bibi."
Hakunijibu. Kivuli cha ukuta kilikuwa kinakuja;
akashika pembe ya mkeka,
akauvuta taratibu, mtoto akiwa juu yake.