Futi ya Mishi

Barua ilisema mita moja na nusu.
Haikusema zitoke wapi.
Nikaazima futi kwa Mishi, fundi wa mabuibui,
ile ya manjano, iliyofutika tarakimu za mwanzo
kwa kupima mabega ya nusu ya Kisauni,
nikapiga magoti katika Darasa la Sita,
chaki mdomoni.

Chumba kikanijibu: kumi na wanane.
Nikapima tena, kwa ujanja, nikiubana ukuta.
Kumi na tisa, mmoja akikaa mlangoni.
Daftari langu lina majina sitini na matatu.

Tutawagawa, akasema mwalimu mkuu.
Wengine asubuhi, wengine jioni, wengine chini ya mwarobaini.
Jioni chumba ni cha Darasa la Nane, nikamkumbusha,
na chini ya mwarobaini pana siafu.
Akaandika: siafu.

Jumatatu, Tsuma yuko langoni na bastola ya homa,
anaomba radhi kwa kila paji la uso.
Thelathini na nane. Thelathini na nane na nusu.
Mwalimu, hawa wote wagonjwa!
Si wagonjwa, Tsuma. Wametoka Mtopanga kwa miguu,
na jua la hapa halijasoma barua.
Waweke kivulini dakika kumi, kisha uwaulize upya.

Matangi tuliyoahidiwa yalikuja:
meusi, marefu, yana nembo, hayana maji.
Mferejini hutoka pumzi tu.
Mwero akasimamisha mkokoteni, mitungi ishirini,
akataja bei, akawaona watoto
wamekwisha kukunja mikono ya mashati,
akapunguza shilingi tano.
Deni ni deni lakini, akasema, akaanza kumimina.
Maji ya kisima, chumvi tupu; sabuni ikagoma kutoa povu.
Wakasugua hivyo hivyo, wakihesabu hadi ishirini,
na Shee Lali, kama kawaida yake, akiruka kumi na saba.

Mapumziko, wawili wamebadilishana barakoa
kwa kuwa moja ina maua na nyingine ina simba.
Nilitaka kufoka. Kinywa kilifunguka
nyuma ya kitambaa changu, hakuna aliyekiona.
Miezi tisa hawakuwa na mtu wa kubadilishana naye kitu.

Walirudi hamsini na mmoja.
Sikumwambia mtu kwamba, nikijumlisha usiku,
sehemu yangu moja ilifurahi: nafasi zimeongezeka.
Asubuhi nikaona haya kuyaita majina.

Ijumaa nikarudisha futi.
Kwenye cherehani ya pili, kando ya mlango,
Nyevu binti Tunje, namba arubaini na nne daftarini,
anapinda ukingo wa barakoa.
Ile ya simba ni yangu, Mwalimu. Ya maua pia.
Mama hajapata kibarua tangu hoteli ifungwe.
Alisema hivyo bila kuinua macho,
kama mtu anayetoa nauli.

Nikamwambia: nafasi yako nimeipima.
Ni ile ya mlangoni. Ina upepo.

Akakata uzi kwa meno.
Akaniuliza mmefika wapi kwenye sehemu.
Nusu na robo, nikamjibu,
naye akanyoosha futi mezani, akaikunja mara moja,
akaikunja tena, akaitazama,
kisha mguu ukarudi kwenye pedali.