Watu Saba Ndani ya Simu Yangu

Mwandiko wangu ulisifiwa mbele ya mkutano.
"Daftari la Ihangowe," mtendaji alisema,
"halijawahi kusomeka namna hii."
Ilikuwa mwezi wa nane, Umalila,
ukungu umekaa nasi mezani kama mjumbe wa kamati,
kalamu inagoma kwa baridi
na mimi naipulizia pumzi.

Jina. Kitongoji. Ekari. Zao. Namba ya simu.

Bibi Sekela Mwazembe: ekari moja na robo,
na hiyo robo ni mteremko
ambao hata mbuzi huushuka kwa kufikiri.
Simu? Hana.
Mzee Mwashitete: ekari mbili,
moja ameikodisha alipie bweni la mjukuu.
Simu? Aliwahi kuwa nayo.
Mama Tusajigwe: ya shemeji ipo,
ila shemeji mwenyewe, tuyaache.
"Weka yako, kijana," mtendaji akaniambia.
"Wewe si wa hapahapa?"
Nikaweka. Wakafika saba.

Bwana Kasyupa mwenye ekari themanini na fuso mbili
sikumwona kwenye foleni.
Daftari ndilo lililomfuata kwake,
likakaribishwa chai.

Mwezi wa kumi na moja, radi ya kwanza imeshapiga,
simu ikaanza kutetemeka usiku chini ya mto.
*Ndugu mkulima SEKELA MWAZEMBE, namba yako ya mbolea ya ruzuku ni*
Kisha Mwashitete. Kisha Tusajigwe.
Saba, wakibisha hodi kwa zamu
kwenye nyumba wasiyojua kwamba wanaishi.
"Nani saa hizi?" mke wangu akauliza.
Nikamwambia: "Serikali."

Asubuhi nilikusudia kuwapelekea.
Nakiri hilo, nilikuwa nimeshavaa viatu.
Wakala akatangulia, na pikipiki yake kutoka Mbalizi,
hakuzima hata injini.
"Hao wana hela ya kuchangia? Hawana.
Namba isiyotumika inaoza.
Mimi naiokoa tu."
Tena mkono mtupu haulambwi, alisema akicheka,
na wangu hakuuacha mtupu.

Nikamsomea, tarakimu kwa tarakimu,
kwa sauti ileile niliyokuwa nasomea risala shuleni.

Siku hiyo Bibi Sekela alipokea mifuko mitatu
akiwa ameinama kwenye pareto ya watu, kibarua.
Mzee Mwashitete alipokea minne
akiwa kitandani na kifua chake.
Fuso likaondoka saa nane usiku,
taa zimezimwa mpaka kwenye lami.
Sijui lilikokwenda. Wengine husema Tunduma.
Ninamjua dereva kwa jina,
ndiyo maana nasema sijui.

Januari sasa.
Shamba langu ni kijani cha kukaribia weusi,
kijani cha kumtia mtu haya.
Ng'ambo ya mfereji mahindi ya bibi
yamegomea magotini,
majani yameungua njano kuanzia nchani
kama kurasa za daftari la zamani.
Lile halikuandikwa na mimi
lakini linasomeka kuliko langu.

Juzi alikuja, kitenge kimelowa,
na viazi nusu ndoo, vidogo, vyenye udongo bado.
"Vya kwanza hivi. Nimekuletea wewe.
Nilikuona ulivyoliandika jina langu, hukuruka herufi.
Marehemu walimwandika Mwazembo mpaka anakufa."
Akakaa. Akanywa uji, akausifu.
Kisha polepole, kama anayeulizia mgonjwa:
"Ule ujumbe, baba, bado haujaingia?"

"Mtandao, bibi," nikasema.

Akageuka akautazama mnara kule kilimani,
ule wenye taa nyekundu,
akautazama kwa huruma kabisa.
"Maskini," akasema.
"Nao umeelemewa."

Viazi viko pale mlangoni.
Mke wangu ameshauliza mara mbili
kwa nini sitaki vipikwe.