Kifungu cha Kumi na Moja

Baba aliuza farasi kwa kiganja.
Anatema mate mkononi, mnunuzi naye anatema,
kofi la kwanza la bei, la pili la kuikataa,
na la tatu Fursey Mannion, shahidi wa kila mtu,
anaishika mikono yote miwili, anaibana pamoja
kama mtu afungaye banda wakati wa upepo.
Imekwisha. Wino, alisema baba, ni wa wanasheria
na wa watu wasiowajua majirani zao.

Ndivyo alivyomuuza Ceo, farasi wetu wa kijivu,
jina lenye maana ya ukungu kwa lugha ya bibi,
kwenye gulio la Oktoba, mvua ikipiga mabati ya malori.
Euro elfu tatu na mia nne. Malachy Tuohy akahesabu,
baba akamrudishia noti ya ishirini, ya bahati,
kisha akasema jambo kuhusu mtoto.

Jambo gani? Hapo ndipo.
Baba alisema: akizaa, wa kwanza wangu.
Malachy alisikia: akizaa, kwanza kwangu,
yaani uje kwangu kwanza, tuzungumze bei.
Herufi moja ilianguka topeni, kwato zikaipita.
Fursey alikuwa na sikio moja zima,
na siku ile lilielekea kwenye malori.
Kabla ya Februari tulikuwa tumemzika.

Aprili akazaliwa dume, nyota kwenye paji,
miguu kama ngazi iliyokunjuliwa vibaya.
Baba akaenda na trela.
Malachy akasimama langoni.

Miaka minne.
Kanisani mmoja kushoto, mmoja kulia,
na padri aliposema tupeane amani
mikono ile ilitafuta watu wengine.
Dume akauzwa mnadani kulipia barua,
barua zilizojaa wino uleule.
Alinunuliwa na mtu wa Ufaransa. Sijui alikimbia vipi.

Mali bila daftari huisha bila habari, wanasema.
Habari zilikuwapo! Kijiji kizima kilikuwa nazo,
kila nyumba na zake.

Siku ya mazishi ya baba Malachy alikuja, kofia mkononi,
akanipa noti ya ishirini. "Si deni," alisema.
Sikujua niiweke wapi.
Imo ndani ya kopo la dawa ya kwato.

Jana mjukuu wake, Sorcha, amekuja kumtaka jike wa kahawia.
Nikaweka karatasi mezani. Akaweka yake.
Tukacheka, si sana.
Tukaandika umri, namba ya chipu, kikohozi cha nyasi kavu,
daktari awe wa nani, na akikuta kasoro nani aibebe;
kwamba huuma watu wenye koti la njano;
kwamba akivunjika mguu kati ya lango langu na lake
hasara ni ya nani, na kuanzia jiwe lipi.
Tumbo: tupu, limepimwa, tarehe.
Na kama si tupu?
Kalamu yake ikasimama. Yangu pia.
"Wako," nikasema. "Andika wako, halafu utie nukta."

Kuandikiana si kutoaminiana, watu hujitetea hivyo.
Mimi sijitetei. Mkono wake nauamini.
Nisichokiamini ni Oktoba,
na masikio, yangu yakiwamo.

Kisha hatamu. Nusu saa nzima, hatamu.
Inakwenda na farasi au inabaki?
Desturi yake ilisema hivi, yangu vile.
Ni ya ngozi, baba aliishona mara mbili kwa uzi wa kuvulia.
Kifungu cha kumi na moja: inabaki.

Nikatia sahihi. Akatia.
Tukatoka nje, tukasimama mbele ya banda,
na jike akatutazama, kichwa kitupu,
maana hakuna awezaye kumwongoza farasi kwa karatasi.
Nikaitoa hatamu ukutani, nikamvalisha mwenyewe.

"Nitairudisha Jumamosi," Sorcha akasema,
akageuka, akarudi mezani
kuliandika hilo.