Sehemu ya Saba

Fomu imefika Chiromo, kurasa kumi na nne.
Sehemu ya saba inauliza:
Taja manufaa kwa mwananchi ndani ya miezi kumi na miwili.
Mistari mitatu ya nukta. Basi.

Nimeketi na kalamu. Friji kuukuu inakoroma nyuma yangu,
tumboni mwake udongo wa Karura,
vichupa mia nne na sita vya viumbe
ambao hakuna aliyewahi kuwapa jina.
Stima zikipotea, Kasyoka wa maabara
hupanda ngazi na ndoo ya barafu
aliyoinunua kwa wauza samaki, pesa zake.
Hadai. Huandika tu daftarini: barafu, mia tatu,
kama mtu anayeamini
iko siku Serikali italifungua daftari lile.

Jirani yangu Nafuna ni wa hesabu.
Aliomba chaki, na alasiri zisizo na mikutano.
Wakamuuliza, hesabu hizi zitajenga barabara ipi?
Akasema, "Bado sijui kama zina jibu."
Walicheka. Wino mwekundu ukapita juu ya jina lake.
Na Omuse, anayerekodi Kinubi huko Kibra,
namna ajuza mmoja anavyolikunja neno la kesho,
aliambiwa arudi kesho.

Siwalaumu wa Hazina. Juni ni Juni.
Kuna zahanati isiyo na glavu, kuna darasa lisilo na bati,
na mimi pia nina mwana aliyerudishwa nyumbani kwa karo.
Shilingi ile ile, milango mia.
Nani ataitia katika shimo liitwalo labda?

Ila jana, chini ya darubini,
punje kavu, kavu kama pilipili ya mwaka juzi,
niliidondoshea tone la maji
ikanyoosha mguu.
Nilipiga ukelele. Kasyoka akaja mbio akidhani ni moto.
Tukapokezana darubini hadi chai ikavaa ngozi.
"Kanatusaidia nini haka?"
Sijui, nikasema.
"Basi waandikie hivyo."
Akaenda zake.

Nimeandika: Sijui.
Nimefuta. Nimeandika: Bado.
Mistari miwili imebaki mitupu,
na friji imenyamaza ghafla.
Ngazini nasikia viatu vyake,
na ndoo, tone kwa tone, ikija.