Thaa Ina Upepo

Aliyeniambia ni Barke, ana miaka minane,
amekunja mguu mmoja, juzuu mapajani:
"Mwalimu, thaa yako ina upepo."
Chuo kizima kikanyamaza,
kisha kikacheka ndani ya viganja.

Miaka thelathini na moja nafundisha herufi
zinakozaliwa: hii kooni, hii kati ya ulimi,
na thaa, na dhali, na dhwaa dada yao,
ncha ya ulimi kwenye makali ya mano ya yuu,
gusa, usiume,
pumzi ipite kama mgeni mwenye adabu.
Yangu sasa yapita kama mwizi.

Mano ya mbele yalikuwa yakiachana
polepole, kama mke na mume wasiotaka jirani ajue.
Nikitema, mate mekundu. Nikasema ni mswaki mgumu.
Mto asubuhi una doa. Nikasema ni tambuu.
(Tambuu sijatafuna tangu harusi ya Zena.)
Methali ya ufa na ukuta nimeiandika ubaoni mara mia;
ufa wangu mwenyewe nikauziba kwa karafuu.

Chumba cha Daktari Komora nacho chanuka karafuu,
ile ile, ila yao imo chupani.
Kijana wa Garsen, mikono myembamba.
Akapitisha kijiti cha chuma baina ya ufizi na jino,
akimsomea nesi:
"Tatu. Tatu. Tano. Sita. Hapa saba."
Nikadhani ananihesabia madeni.
"Milimita," akasema. "Ufizi umeliachia jino,
pamekuwa mfuko, na mfukoni ukoga umegeuka jiwe."
"Na mano yataanguka?"
"Mano," akarudia kwa Kiamu changu, kunistahi,
"yatabaki, tukisafisha mpaka mizizini.
Leo kulia. Jumanne kushoto."

Sindano. Ganzi ikaanza kidevuni,
ikameza nusu ya mdomo.
Kisha chuma kikaanza kukwangua.

Maumivu sikuyasikia. Nilisikia sauti.
Nyumba ya babu, Mkomani, ilipokarabatiwa,
fundi alikataa kupaka chokaa juu ya chokaa.
"Ukuta huu umepakwa uongo mara tano," alisema,
akakwangua siku tatu
hadi tumbawe likatokeza, jeupe, lina vitobo.
Sauti ndiyo hii.
Ila leo ukuta ni mimi,
na vumbi lake lafyonzwa kwa mpira, jekundu.

Akanionyesha kisahanini: vichembe vyeusi,
kama mtama ulioungua chunguni.
Ni futari ngapi hizo, tende ngapi,
siku ngapi nililala na uchovu badala ya mswaki?

"Ufizi ulioshuka haurudi," akasema. Hakunificha.
"Utakaza tu. Uvimbe ukiisha mapengo yatazidi kuonekana,
usije ukasema nimekuharibu."
Akanipa viburashi, vidogo kama vya cherehani.
"Na sukari kapime."

Alasiri nikarudi chuoni na nusu ya mdomo.
Faa ilichechemea. Baa ilidondosha mate.
Thaa, hodi hodi, haikuwako nyumbani.
Nikamwita Barke mbele, nikamkabidhi kijiti.
Akasimama kama kadhi.
"Ncha ya ulimi," akasema, na sauti ni yangu, ya zamani,
"kwenye makali ya mano ya yuu. Guseni. Msiume."

Wakasoma wote ishirini na watatu.
Safu ya mbele, wale wadogo,
mano yao yameng'oka wiki hii na wiki ile,
thaa zao zavuma kuliko yangu,
na katika miaka yote hii
sikumbuki kumcheka hata mmoja.

Lakini yao yaota.

Nilisukutua maji ya chumvi nyuma ya mlango, nikatema.
Wekundu ulikuwapo, umepungua,
au ni mwanga wa saa ile.
Mkobani viburashi sita, kila kimoja na rangi yake.
Jumanne, upande wa kushoto.